Sura ya Malaika Ukutani Kwangu

Naandika haya kwa mama yeyote ambaye mwanawe anarudi kutoka kazini na nguo za kazi mwilini. Usisubiri mtu aje akuambie. Mvue pale pale mlangoni, hata akinuna.

Kanisa kuu la mji wetu liliungua paa lote. Lilikuwa limeezekwa kwa mabamba ya risasi, yale madini mazito ya kijivu, na moto ulipokolea yaliyeyuka yakashuka kwenye kuta kama uji uliofurika sufuria. Mengine yakawa moshi na vumbi, yakaganda kwenye mawe pamoja na masizi. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba binti yangu amepata kazi, tena ya kuisafisha nyumba ya Mungu, basi nikawa napita mtaani shingo imenyooka utadhani mimi ndiye niliyeijenga.

Hawaoshi kwa maji, maana maji yanasukuma masizi yaingie ndani ya jiwe. Wanapaka ujiuji wa mpira, mweupe, mzito kama mtindi. Wanauacha siku mbili ukauke, halafu wanaubandua taratibu, nao unatoka na uchafu wote. Binti yangu ana mkono mwepesi, kwa hiyo alipewa zile sehemu zenye nakshi: maua, vidole, nyuso.

Siku alipomaliza uso wake wa kwanza, wa malaika aliye juu ya mlango wa pembeni, alikuja nyumbani na ngozi yake. Sina neno lingine la kukiita kitu kile. Kilikuwa kipande cha mpira kikubwa kama sinia, kina pua, kina midomo, kina macho yaliyofumbwa, na upande wa ndani ni mweusi tititi. Nilipokishika kililegea mkononi kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kilinuka moshi wa siku nyingi. Nikakiweka chini nikajifuta mikono kwenye gauni.

"Mama, huyo ni malaika," binti akaniambia huku anacheka. "Bwana Kofia kasema nichukue tu, wao wanatupa."

Bwana Kofia ndiye msimamizi wao. Walimwita hivyo kwa sababu ile kofia yake ngumu nyeupe haikumtoka kichwani, na mafundi walikuwa wakitaniana kwamba hata mkewe hajui kama ana nywele.

Ingekuwa sura ya mtu mwingine yeyote ningeitupa jalalani siku ileile. Lakini malaika unamtupaje? Nikajisuta kwa kumwonea kinyaa. Nikapigilia msumari ukutani, juu ya kitanda cha mjukuu wangu, nikamtundika amlinde mtoto.

Mjukuu huyo ni wa kike, mwana wa binti yangu, wakati ule ana mwaka na nusu. Kwa utani namwita mke mwenzangu, kwa vile marehemu mume wangu angekuwepo angenisahau kwa ajili yake. Alikuwa na maneno matatu: bibi, maji, paka. Paka alilisema kwa kila chenye miguu, hata meza. Na alikuwa anaota meno, kila kitu mdomoni.

Haikupita wiki akawa amejifunza kusimama kitandani na kumvuta malaika kutoka msumarini. Nilimkuta anaitafuna pua, udenda mweusi unamtiririka mpaka kitovuni. Nikachukia sana kwa uchafu ule. Nikamfuta mtoto, nikaufuta mpira kwa kitambaa kikavu, halafu, ee Mungu, nikamrudishia, kwa sababu alikuwa analia na ule mpira ulimnyamazisha. Siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nampa mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Na nguo je? Binti alirudi kila jioni na ovaroli mwilini, anamnyanyua mwanawe na kumpachika begani, mtoto anaufuta uso kwenye ovaroli ile kama paka. Nilimuuliza mbona hawaogi hukohuko. Akasema mabafu ya mafundi yapo mawili, ila yamejaa madumu ya mpira mpaka mlangoni. Basi nikafua mimi. Beseni lilikuwa moja. Maji yalitoka ya kijivu, yanameremeta juu kama yamemwagiwa mafuta, na chini yanaacha tope laini. Nikiyamwaga, nasuuza beseni mara moja, namwogeshea mtoto. Nikikumbuka tope lile, mpaka leo chakula kinanishinda.

Mke mwenzangu akaanza kukataa kula. Akafunga choo siku tano, sita, tumbo gumu kama ngoma. Akapauka midomo. Nilisema meno, jirani akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Kilichonitisha ni siku paka wa jirani alipoingia ndani, akapita mbele yake kabisa, na mtoto akamtazama tu. Nikamwambia, sema paka. Akanitazama mimi vilevile. Nikajaribu maji, nikajaribu bibi. Yote matatu yalikuwa yamekwenda.

Hospitali muuguzi aliuliza kama nyumbani kuna anayetengeneza betri au kuyeyusha vyuma. Nikasema hapana, mama yake anasafisha kanisa. Akaacha kuandika. Akauliza ni kanisa lile lililoungua? Wakatoa damu, na majibu yalipokuja daktari akafunga mlango kwanza ndipo akasema. Damu ya mtoto ina sumu ya risasi, nyingi. Akasema itapungua tukiondoa kinachoileta, lakini ilichokwisha kuharibu kichwani hawezi kuahidi kwamba kitarudi. Binti yangu alikaa na ovaroli yake palepale kwenye kiti cha hospitali, akaanza kujikung'uta magoti, kisha akatazama vumbi linavyoanguka sakafuni, akaacha.

Kesho yake nikaenda mimi kwa Bwana Kofia. Nilifunga ovaroli kwenye mfuko wa plastiki, na malaika kwenye mfuko wake. Ilikuwa saa ya chakula. Mafundi walikuwa wamekaa kwenye mbao, vumbi mpaka kwenye kope, wanakula kwa mikono ileile. Karani akaniambia nisubiri ofisini, bosi anatoka sasa hivi.

Alitoka kwenye chumba cha nyuma anajifuta nywele kwa taulo. Nywele anazo, tena nyingi. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Nyuma yake mlango ulibaki wazi, nikaona bafu linadondosha maji, sabuni yenye nywele imebandikwa ukutani, na ile kofia nyeupe imetundikwa juu ya ovaroli yake.

"Karibu mama," akasema.

"Umetoka kuoga, baba?"

"Nimeoga. Ndio utaratibu kabla ya kutoka."

"Nyumbani una watoto?"

"Watatu, tunamshukuru Mungu."

"Wanaongea?"

Akanionyesha kiti. Nikamweleza kilichotupata. Akanisikiliza, akasema pole, halafu akasema binti yangu ni mtu mzima na karatasi ya tahadhari aliitia sahihi mwenyewe, na mabafu ya mafundi yatafunguliwa madumu yakipungua. Mpaka sasa hakuna aliyelalamika, akasema.

Nikamtoa malaika mfukoni nikamlaza juu ya meza yake, pua imetafunwa, alama za meno zinaonekana.

Yule bwana aliruka nyuma. Akapandisha mikono juu, asiguse meza, asiguse shati lake. "Mama, usiweke hiyo hapo," akasema. "Tafadhali, itoe."

Kumbe ndiyo ile aliyomwambia binti yangu achukue. Nilimtazama na taulo lake shingoni, na kinyaa nilichokionea mpira ule siku ya kwanza kilikuwa kidogo kando ya hiki. Nikaiacha palepale, na ovaroli nikaimwaga mezani juu ya sura ile, nikaondoka. Binti hakurudi kazini. Wenzake wamebaki.

Kanisa lilifunguliwa mwaka uliofuata. Sikutaka kwenda, binti akaniomba, alitaka kuiona kazi ya mkono wake. Kuta zilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma, watu wanalia kwa furaha, Bwana Kofia kakaa safu ya mbele na suti. Mke mwenzangu nilimbeba mimi. Damu yake imepungua, wanampima kila baada ya miezi mitatu. Maji amerudi kulisema. Bibi analisema akiwa na homa tu. Paka bado.

Tulipopita kwenye mlango wa pembeni akainua kichwa, akamwona malaika. Alimtambua. Uso ukamchangamka, akanyoosha mikono yote miwili juu, akafungua mdomo kama zamani nilipokuwa nampa ile pua.

Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikatoka naye nje.