Mvumo wa Inveta ya Baba

Kila asubuhi Mama hufungua friji, hutoa kichupa cha insulini, hujidunga, kisha hugonga kisanduku cha inveta ukutani na kusema, "Haya, tumeamka." Asubuhi ile kidole chake kilibaki hewani. Friji ilikoroma, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikazima.

Inveta ile aliiunda Baba kwa mikono yake, muda mfupi kabla hajatutoka. Iligeuza umeme wa betri za sola kuwa umeme wa nyumba, ila wimbi lake halikuwa laini. Kipimo changu cha mawimbi kililichora likipanda na kushuka kwa ngazi-ngazi. Ngazi hizo ndizo zilizochemsha mota ya friji. Ndizo pia zilizovuma, mvumo mzito kama wa Baba alipokuwa akiimba kazini, midomo imebana skrubu.

"Leo naweka kichujio cha kulainisha wimbi," nikamwambia Mama. "Koili na kapasita tu. Friji ikifa, dawa yako inaharibika."

"Kesho."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo."

"Wiki iliyopita nilikuwa na mafua. Leo mgongo."

"Mgongo na inveta vinahusiana nini, Mama?"

"Si wewe ndiye msomi? Tafuta."

Nilifunga kichujio huku amenipa mgongo huohuo. Mota ilipopoa nikawasha. Wimbi likawa laini, friji ikaamka polepole, nyumba ikanyamaza. Mama akaja kuweka kiganja juu ya kisanduku, kama anayempima mtoto homa.

Kisha mvumo ukaanza tena. Wimbo uleule; na pale Baba alipozoea kuvuta pumzi, ukavuta pumzi.

Nikatazama kipimo. Wimbi laini. Nikazima swichi, friji ikazimika. Nikachomoa nyaya za betri, nikasubiri kapasita ziishiwe chaji. Mvumo uliendelea, sasa ukitokea mlangoni, pale Baba alipokuwa akivulia viatu.

Mama hakugeuka. "Haya, injinia. Nieleze."

Tangu msiba, kila Mama aliposema anasikia kitu, nilimjibu habari za mawimbi. Safari hii nikaiweka bisibisi chini.

"Namsikia Baba," nikasema. "Na mimi, Mama, sikutaka anyamaze."