Mtu Mmoja Ambaye Hakupenda Jina Lake Litajwe

Umeme ulikatika tena katikati ya habari za asubuhi, na mtangazaji akamalizia sentensi yake akiuambia ukuta na zile trei za mayai zilizobandikwa kuzuia mwangwi. Akavua hedifoni zake zilizofungwa kwa utepe. Dizeli ilikuwa imepanda bei tena, na meneja alikwisha kuonya kwamba ile kidogo iliyobaki kwenye jenereta isiguswe mpaka wageni wafike. Basi redio ya kijiji ikanyamaza, na kijiji, kilichozoea, hakikuuliza.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya waandishi wa habari wa vijijini. Mwezeshaji, mama mmoja mpole kutoka mjini, alikuwa amewafundisha mengi ya maana: kuuliza pande zote, kukata maneno yasiyo na kazi, kumlinda mtoa habari kwa kuficha jina lake. Mchana Mkuu wa eneo angekuja kugawa vyeti, na kazi za wanafunzi zingepigwa uwanjani kwenye vipaza sauti. Meneja akamvuta mtangazaji pembeni. Ile habari ya maji asiipige, alimwambia, apige ya ufugaji wa nyuki. Tena ile ya maji aifute kabisa na sauti zake zote, maana kompyuta imejaa. Alisema hayo akitazama viatu vyake.

Habari ya maji ilikuwa kazi ya mtangazaji, tena bora darasani, mwezeshaji mwenyewe alisema, na mwanzoni mwa mafunzo ilikwisha kwenda hewani. Ndani yake mlinzi wa pampu, mzee mmoja, alieleza jinsi bomba la kijiji linavyofungwa usiku ili maji yaende shambani kwa Mkuu. Mtangazaji alilifuata somo neno kwa neno. "Mtu mmoja ambaye hakupenda jina lake litajwe," alitangaza, kisha akaiacha sauti ya mzee iseme. Jina alilificha barabara. Lakini mzee yule alikuwa akiwapanga watu kwenye foleni ya maji kila alfajiri tangu mtangazaji mwenyewe akiwa mtoto, na kikohozi chake, na ile "tuseme ukweli" yake kabla ya kila jambo, watoto waliviiga wakicheza. Habari haijafika mwisho, watu bombani walikuwa wanatazamana. Huenda mjini sauti haina mwenyewe. Hapa sauti ni sura, na yeye mzaliwa wa hapa alilijua hilo vizuri, ila siku ile aliliamini zaidi daftari lake la mafunzo.

Mzee alifukuzwa kazi. Haukupita muda akakutwa mferejini, amekufa. Ofisi ikasema aliteleza. Tangazo la kifo alilisoma mtangazaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu, naye akasema aliteleza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo alikuwa anamsikia. Wimbo ukiisha, katika kile kimya kifupi kabla ya kufungua kinywa, hedifonini kilipita kikohozi, kisha maneno ambayo mzee alianza nayo siku ya kurekodi, mdomo karibu kabisa na mashine kwa kuiogopa: "Unanisikia, binti?" Maneno hayo hayakwenda hewani, yeye ndiye aliyeyakata kwa kuwa hayakuwa na kazi. Alikuwa anaogopa. Alipomweleza mama yake, mama alimwambia apumzike, ni uchovu tu. Kisha, mwiko mkononi, mama akasema hata yeye humsikia, kule bombani.

Kabla ya saa sita mjane wa mzee akaja kituoni, akakaa kwenye ngazi. Alikataa kiti.

"Mwanangu, picha yake hatuna hata moja," alisema. "Naambiwa humo ndani bado yumo."

Mtangazaji akamjibu kwamba umeme hakuna.

"Leo jenereta si litawashwa kwa ajili ya wakubwa? Nitangoja. Sijaja kukulaumu. Alisema kwa kinywa chake mwenyewe."

Afadhali angemlaumu. Mtangazaji aliingia chooni akalia, akanawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, akatoka.

Uwanjani Mkuu alihutubia kwa muda mrefu. Aliwaita waandishi macho na masikio ya umma, akanywa maji ya chupa, akaendelea. Meneja akamuuliza mtangazaji kwa kunong'ona kama ameshafuta. Tayari, akajibu, na uongo huo ulimtoka laini kuliko tangazo lolote alilowahi kusoma. Alipoitwa, akaketi mbele ya kompyuta. Habari ya nyuki ilikuwa pale, na chini yake ile sauti ya mzee, nzima, kabla haijakatwa. Alifikiria zamu yake, na mama yake, na cheti kilichokuwa mezani na jina lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Kikatoka kikohozi. Waliokuwa wakijipepea wakaacha.

"Unanisikia, binti?"

Kwenye benchi la nyuma mjane akaitika bila kupaza sauti, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni. "Tunakusikia, baba watoto."

"Haya. Tuseme ukweli..." alianza mzee, na meneja akachomoa waya.

Mkuu alikuwa amekwisha kusimama, anamtafuta dereva wake kwa macho. Vyeti vilibaki mezani. Mwezeshaji akamwinamia mtangazaji, akamshika bega kwa upole ule ule wa siku zote, akamuuliza huyo mzee ni nani, maana hakusikia jina likitajwa.

Katika uwanja mzima hapakuwa na mwingine aliyehitaji kuuliza.