Tamale Zilizonuna

Kwa miaka kumi na moja mfululizo, Fulgencio Cuamatzi alimficha Mtoto Yesu shavuni.

Kila tarehe sita Januari, Sikukuu ya Wafalme, mkate wa mviringo ulipokatwa nyumbani kwake Apizaco, aliuma kipande chake akasikia kitu kigumu kikigonga jino. Hakuhitaji kutazama. Kilikuwa kile kitoto cha plastiki, kidogo kama punje ya njugu, kinachofichwa ndani ya mkate. Atakayekipata ndiye atakayewalisha tamale, madonge ya unga wa mahindi yenye nyama yanayofungwa kwa maganda na kupikwa kwa mvuke, wote waliokaa mezani, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Wanaume wengine wakikipata hupiga kelele na kujifanya wamefurahi. Fulgencio alikisukuma kwa ulimi hadi shavuni, akatafuna upande wa pili, akaenda msalani, na kutoka huko akapitia banda la vifaa. Kwenye kopo la misumari palikuwa na vitoto kumi na kimoja, vimelala pamoja kama wodi ya wazazi. Kwa nini kilimwandama yeye kila mwaka, hilo ni la Mungu. Mwenyewe alidhani ni kwa sababu alipenda kukata kipande kikubwa kuliko wageni.

Mwaka wa kumi na mbili, komadre Otilia, jirani aliyemsimamia binti yao ubatizo, alisimulia kisa cha padri aliyepanda treni kinyumenyume. Fulgencio, mwendesha treni mstaafu, alikuwa na udhaifu kwa visa vya treni. Akacheka. Kitoto kikaruka kutoka shavuni, kikapita juu ya meza kama abiria aliyechelewa, kikatua ndani ya kikombe cha chokoleti cha mkewe Eduviges, uso juu.

Wageni kumi na wanane wakanyoosha shingo kukitazama.

Eduviges alikitoa kwa kijiko, akakilamba chokoleti. "Cha kumi na mbili hiki," alisema.

"Cha kumi na mbili nini, mke wangu?"

"Mwaka jana nilitaka msumari wa kutundikia picha."

Fulgencio aliona afadhali ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti. Lakini alikuwa mtu wa kujikwamua. "Haya, yamekwisha," alisema akisugua mikono. "Kandelaria karibuni wote hapa. Mimi nitanunua maganda ya mahindi, na bibi yangu huyu atapika."

"Nipike mimi? Hizi tamale zangu?"

Hapo ndipo mdomo wake ulipomrudi. Kila Kandelaria, kwa miaka arobaini na moja ya ndoa, Fulgencio alikula tamale sita za mkewe, akalegeza mkanda, akatema sentensi ileile kama saa ya ukutani: "Si mbaya. Ila si kama za mama."

"Utapika mwenyewe, mzee," alisema Eduviges kwa upole unaotisha. "Utapika za mama yako. Hawa wote kumi na wanane wale washibe. Zikikushinda, utasimama mbele yao, useme kwa sauti kwamba tamale za mkeo zinazipita za mama yako."

Wanaume waliokuwapo walivua kofia kama waliosikia habari ya msiba. Kumwambia mtu wa Apizaco aseme hivyo juu ya mamaye ni kumwambia afukue kaburi lake akauze mbao za jeneza. Na mama huyo, Perpetua, alikuwa amelala kaburini miaka ishirini, hawezi kujitetea.

"Tamale ni nini?" alisema Fulgencio. "Ni unga na mvuke. Na mvuke, mimi nimekula ujira wake tangu nikiwa kijana wa kutia kuni kwenye injini."

"Haya, tutakuona ukifika kituoni," alisema Otilia.

Tatizo lilikuwa moja: Fulgencio alijua jiko lilipo, lakini hawakuwahi kutambulishwa. Akaamua kujifunza kama watu wenye akili, kwa vitabu.

Cha kwanza alikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu sokoni. Jaladani palikuwa na bibi mmoja wa mji mkuu, shingoni lulu, mkononi mwiko usiowahi kuguswa na mafuta. Fulgencio alivaa miwani, akapima unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe kwa mizani, akafika mstari wa maji. Kitabu kilisema: *Tia maji kiasi litakachoomba donge.*

Alisoma mara tatu. Katika reli hakuna kitu kinachoombwa hivihivi, kuna fomu. Akavuta kiti, akainamia bakuli.

"Unataka maji?" aliuliza.

Donge lilinyamaza.

"Sema basi, usione haya."

Eduviges alipita mlangoni na ndoo, akasimama. "Unaongea na nani?"

"Nangoja liombe."

"Basi lingoje. Mimi nimengoja uombe radhi tangu tulipooana, na wala sijakauka."

Donge halikuomba, naye hakulipa maji. Tamale alizozitoa siku ile zilikuwa ngumu kiasi kwamba alimtupia mbwa wa Otilia moja, mbwa akaipeleka nyuma ya nyumba akaizika. Kesho yake aliifukua akairudisha mlangoni kwa Fulgencio, akaiweka chini kwa heshima, akaondoka. Tangu siku hiyo kila akimwona Fulgencio alivuka barabara.

Kitabu cha pili kilikuwa cha zamani zaidi, kurasa zake zina rangi ya chai, kimeandikwa enzi ambazo jikoni hapakuwa na saa. Humo yai lilichemshwa kwa Salamu Maria nne. Na donge la tamale? *Pigapiga kwa mkono muda wa Nasadiki tatu.*

Fulgencio alikuwa hajaingia kanisani tangu harusi yake, na hata siku hiyo alichelewa. Alizamisha mkono katika unga na mafuta, akaanza. "Nasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi, muumba wa mbingu na dunia…" Alikwenda vizuri, kama treni ya mteremko, hadi kwa Ponsyo Pilato. Hapo reli ikakatika. Baada ya Ponsyo Pilato kuna nini? Hakukumbuka. Akarudi mwanzo. Akafika tena kwa Ponsyo Pilato, akakwama tena. Alipiga lile donge saa nzima na nusu, jasho likimtiririka masikioni, akimlaani Pilato kwa mambo ambayo hata Injili haikumshitaki nayo.

Otilia alichungulia dirishani. "Komadre! Njoo usikie, mumeo ameokoka!"

"Muulize amefika wapi," Eduviges alijibu kutoka uani.

"Amefika kwa Pilato!"

"Hapo ndipo anapokwama siku zote."

Lakini alipochukua tonge dogo la lile donge akalidondosha ndani ya glasi ya maji, kama kitabu kilivyoagiza, halikuzama. Lilielea kama bata. Fulgencio aliitazama ile glasi, akaona machozi yanamlengalenga. Kumbe siri ya donge jepesi ni kutojua kusali.

Sasa alikuwa na donge. Alichokosa ni ladha ya mama. Akapanda basi hadi Huamantla kwa dada yake, Refugio, aliyerithi daftari la mapishi la mama yao. Alirudi nalo amelikumbatia kama mtoto mchanga, akajifungia chumbani, akalifungua. Palikuwa na dawa ya kikohozi. Palikuwa na njia ya kuondoa doa la divai. Palikuwa na ukurasa wenye kichwa cha maandishi makubwa: *Tamale za Kandelaria.* Chini yake mstari mmoja tu.

*Mwagize Nicéfora. Zipitie mlango wa nyuma.*

Fulgencio alisoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Nicéfora alikuwa mama mmoja tu mji mzima, aliyekuwa akiuza tamale kwa kikapu pale kituoni, akiwapa abiria kupitia madirishani. Nicéfora alikuwa mama mzazi wa Eduviges. Zile tamale alizozililia miaka arobaini na moja, za mama, zilitoka katika mikono ileile iliyomfundisha mkewe kupika.

Alifunga daftari. Akatafuta pa kulificha, maana hii ndiyo kazi aliyoijua. Shavu halikutosha. Akaliweka ndani ya sanduku la kofia yake ya reli, akajiambia hakuna aliyesoma ukurasa ule ila yeye na marehemu, na marehemu hawasemi.

Kandelaria ikafika. Tangu alfajiri Fulgencio alikuwa amevaa aproni ya maua ya mkewe, na kofia ya reli kwa ajili ya heshima. Alipaka donge kwenye maganda, akatia rojo ya pilipili na nyama, akafunga vizuri, akazisimamisha tamale ndani ya sufuria kubwa ya mvuke. Chini ya maji alitupia sarafu, kama vitabu vyote viwili vilivyoelekeza: ikiendelea kugongagonga, maji yapo, ikinyamaza, yamekwisha. Sarafu ikaanza kuimba. Saa saba mchana wageni wote kumi na wanane walikuwa wamekaa, leso vifuani.

Saa nane alifungua tamale moja. Mbichi.

Saa tisa, mbichi. Aliongeza maji, sarafu ikagonga kwa nguvu zaidi, mvuke ukajaa jikoni hata kalenda ikajikunja ukutani. Saa kumi akafungua nyingine. Ilikuwa nyeupe, laini, inanata kama gundi ya shule.

Otilia aliingia, akazitazama, akatikisa kichwa. "Zimenuna."

"Usinianzie."

"Zimenuna, kompadre! Tamale zikipikwa kwenye nyumba yenye mtu mwenye kinyongo haziivi, hata uzipikie kwenye volkano. Hilo vitabu vyako havikuandika?"

Kitabu cha zamani kilikuwa kimeandika, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Fulgencio aliyaruka akidhani ni ushirikina. "Dawa yake?"

"Ziimbie. Zichezee, zicheke."

Basi mwendesha treni mstaafu, miaka sabini na moja, mwenye aproni ya maua na goti bovu, akacheza mbele ya sufuria. Wageni walijazana mlangoni wakampigia makofi. Alizunguka, akapuliza filimbi ya treni kwa mdomo, akaibusu sufuria akaungua mdomo. Otilia akafungua tamale.

"Mbichi. Basi aliyenuna si wewe."

Macho yote yakageuka. Eduviges alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anafuma sweta.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimetulia."

"Umetulia tangu lini, komadre?"

"Tangu miaka arobaini na moja."

Sarafu iligonga ndani ya sufuria, tik, tik, tik, kama karani anayengoja saini.

Fulgencio alisimama katikati ya jiko lake la kuazima. Alijua njia nyepesi ilikuwapo. Alikuwa ameshindwa, aseme tu ile sentensi waliyopatana, mkewe ashinde, na mama Perpetua abaki mpishi aliyepitwa, lakini mpishi. Alifungua kinywa. "Tamale za mke wangu…" Ulimi ukagonga kitu shavuni. Hapakuwa na kitu. Lakini alikisikia, kigumu, kidogo kama punje ya njugu.

Akaivua kofia ya reli, akaenda chumbani, akarudi na daftari. Akasoma mbele ya watu wote, kwa sauti ya kutangaza vituo: "Tamale za Kandelaria. Mwagize Nicéfora. Zipitie mlango wa nyuma." Akalifunga daftari. "Mama yangu hakupika tamale hata siku moja. Nimekula za mama yako, Eduviges, nikakutukana nazo. Mimi ni punda, na punda angalau hujua nyasi imetoka shamba gani."

Kuna aliyekohoa. Eduviges aliweka sweta chini.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nani unafikiri alikuwa akizileta? Kikapu kichwani, mlango wa nyuma, nina miaka tisa. Mama yako alinipa chungwa kila safari ili ninyamaze." Alipandisha bega. "Nilikuwa nimeshayala machungwa."

"Miaka arobaini na moja hukusema?"

"Alikuwa mama yako, mzee. Na yalikuwa machungwa mazuri." Halafu Eduviges akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kifuani, mpaka akalazimika kujishika kwenye meza, na Otilia naye, na wageni wote kumi na wanane, ambao njaa ilikuwa imewafanya wepesi wa kucheka.

Kifuniko cha sufuria kiliinuka chenyewe, kikapuliza. Wapo wanaosema Otilia, wakati wa makelele yale, alifungulia gesi mpaka mwisho. Otilia haulizwi mambo kama hayo. Nusu saa baadaye ganda liliachia donge lenyewe, safi, bila kunata, na harufu ikatoka mpaka barabarani, ambako mbwa fulani alisimama akafikiri upya.

Walikula wote, wakashiba. Fulgencio hakula. Alisimama nyuma ya kiti cha mkewe akihesabu: moja, tatu, tano. Eduviges alimaliza ya sita, akafuta vidole kimoja baada ya kingine, akalegeza mkanda wa sketi.

"Haya?" alinong'ona Fulgencio.

Alitafakari kwa muda wa Nasadiki moja, nzima, akimpita Pilato bila shida.

"Si mbaya," alisema. "Ila si kama za mama."