Kadi ya Bibi na Bwana

Wanaume wa ukoo wa Godefroid hawauawi na maradhi. Wanauawa na aibu ya kuonekana wagonjwa. Edmond, kaka yake mkubwa, alianguka mezani mbele ya sahani yake ya bukari, yaani ugali, na walipoinua godoro lake wakakuta vidonge vya shinikizo la damu vimepangwa chini yake, havijaguswa hata kimoja. Jérémie, wa pili, alianguka harusini akicheza, na hadi leo familia inasema ni uchawi wa upande wa bibi harusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ukoo huu hata kifo kikishawaumbua bado unabisha.

Émerance alikuwa amezika mashemeji hao wawili, na hakuwa na hamu ya kuzika wa tatu, hasa kwa kuwa wa tatu ni mume wake. Alimdharau Godefroid kwa mambo mengi: kwa kukoroma, kwa kuamini kila anayemsifu, kwa kuvaa koti siku za joto ili aitwe patron, yaani bosi. Alimpenda pia, lakini hilo hakulisema mbele ya watu, na mbele ya Godefroid ndiyo kabisa.

Godefroid aliuza saruji Ruashi, pembeni mwa Lubumbashi, ambako kila mtu anajijengea nyumba yake mwenyewe, na tumbo lake lilikuwa ndilo bango la duka. Babu yake alitoka Kabalo kuja kutia makaa kwenye treni, akafa mwembamba kama fito, na tangu hapo ukoo mzima uliapa kunenepa. Lubumbashi mtu mnene amebarikiwa. Akikonda, watu hawaulizi anakula nini, wanauliza nini kinamla.

Lakini daktari hakuzunguka: chumvi iondoke, tumbo liondoke, jasho limtoke kila siku, la sivyo awafuate kaka zake. Na Émerance hakuhitaji daktari wa kumwambia. Zamani besi ya Godefroid kanisani ilitikisa mabenchi. Sasa aliukata wimbo katikati ya mstari, akabaki mdomo wazi akivuta hewa, kifua kikipiga filimbi, huku akijifanya anatafuta miwani. Émerance aliisikia ile filimbi hata usingizini, na ilimtia hofu kuliko alivyotaka kukubali.

"Nikikonda, bantu batasema nini?" Godefroid aliuliza.

"Ukikufa, batasema nini?"

Godefroid akafikiri. "Batasema alikufa na mwili yake yote."

Émerance akasonya, msonyo mrefu wa kutosha kuamsha kuku. Baada ya siku kadhaa za misonyo ya aina hiyo, Godefroid akakubali kutafuta jimu, kwa sharti lake: lazima iwe mahali ambapo watu watamwona analipa. "Muntu anayekonda kwa kulipa," alisema, "ile si bugonjwa, mama Keren. Ile ni luxe, ya batajiri."

Keren ni binti yao wa kwanza, na kwa jina lake ndivyo walivyoitana.

Basi wakaenda mjini, kwenye jimu yenye ukuta mzima wa kioo upande wa barabara. Mabango yake yalianza mbali kabisa: mwili mpya, maisha mapya, njoo leo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, Émerance aliwaza, na hiyo ilikuwa imejitembeza karibu mpaka uwanja wa ndege. Nyuma ya kioo watu walikuwa wanakimbia juu ya mashine bila kwenda popote, nyuso zimekaza kama wanaofukuzwa. Yeye aliyebeba magunia ya mahindi mgongoni tangu usichana alitazama mwanamume mzima akiinua chuma, akikirudisha pale pale alipokitoa, kisha akijitazama kwenye kioo kama amejenga daraja. Na analipa!

Godefroid yeye alikuwa ameshachagua baiskeli ya kukalia, ile iliyo karibu zaidi na barabara. Alikuwa ameshajiona juu yake.

Mapokezini alikaa msichana anayeitwa Plamedie, mwimbaji wa kwaya ya parokia yao wenyewe, akawasalimia kwa heshima akawasomea masharti. Abonnement, yaani ada ya uanachama, ni ya mwaka mzima. Anayeacha katikati anaendelea kulipa.

"Na mwenye kukufa?" Émerance aliuliza.

Plamedie akageuza karatasi. "Familia inaleta acte de décès, karatasi ya kifo, mama. Kisha direction ya jimu inaangalia."

"Inaangalia nini? Kama atarudia?"

Plamedie akainamisha uso asicheke. Bei ya mwezi mmoja ingetosha kulisha nyumba yao na ya jirani, na Émerance aliisikiliza kama anayesikiliza tusi. Hata hivyo alikuwa tayari kuipigania ishuke, kwa sababu mtu wake lazima apumue. Ndipo Plamedie akaongeza sharti la mwisho: kila mwanachama alete certificat médical, daktari aandike ugonjwa wote, ifungwe kwenye faili hapo mapokezi.

"Hapa? Kwako?" Godefroid aliuliza.

"Ndiyo, papa. Miye njo naandika mu ordinateur," akaionyesha kompyuta yake.

Godefroid akamtazama yule mwimbaji wa kwaya, akaiona kwaya nzima nyuma yake, wasoprano na wote, kila mmoja na mdomo wake. Akakumbuka kwamba kuna mteja anamngoja dukani. Walipofika barabarani alikuwa anatembea haraka kuliko mtu yeyote aliye juu ya mashine.

Ya pili ilikuwa Kasapa, karibu na chuo kikuu, bei ya wanafunzi. Muziki ulipigwa hadi meno yakatikisika. Kocha, kijana aliyejiita coach Caleb, mwenye fulana iliyobana kama imeshonewa juu ya ngozi, akamshika Godefroid begani akamwita "vieux", mzee. Masharti yake yalikuwa rahisi mno: hakuna mkataba, unakuja unalipa ya siku, hukuja hulipi.

"Ile ni muzuri," Godefroid alisema haraka.

"Muzuri kwako," Émerance akajibu. "Mwenye kulipa ya siku moja anakuya siku moja. Miye nakujua."

Ngoma ya watoto haikeshi, na vijana hawa hata kuiwamba ngoma yenyewe hawakuwa wamemaliza: nusu yao walikuwa wanajipiga picha. Caleb akasema kuna punguzo kubwa, karibu bure, kwa anayekubali picha mbili, moja ya kabla na moja ya baada, ziwekwe Facebook. Papa huyu, alisema akilitazama tumbo la Godefroid kwa mapenzi kama mchinjaji anavyotazama ng'ombe, papa huyu angefaa sana kwa ile ya kabla. Avue tu shati.

Lazima isemwe kwamba Émerance, aliyezoea kubishana bei hata na mapadri, alisita kidogo mbele ya punguzo lile. Godefroid aliona amesita. Hakusema naye mpaka nyumbani.

Ikabaki ya tatu, na hiyo ilikuwa pale pale Ruashi, ndani ya ua wa mwanamke mmoja aliyewahi kucheza handball, anayeitwa Benita. Haikuwa na kioo wala mashine. Ilikuwa na bati juu, mikeka chini, na vyuma ambavyo havikuwa vyuma: makopo ya maziwa yaliyojazwa saruji, mawili mawili kwenye fito. Saruji hiyo ilinunuliwa dukani kwa Godefroid, naye akaipapasa kwa fahari kana kwamba amekwisha fanya mazoezi. Lakini ukuta ulikuwa mrefu, barabara haikuonekana, na lango lilitazamana na meza ya makaa ya Constance.

Constance alikuwa mwanamke wa parokia yao, na mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo.

"Hapa apana," Godefroid alinong'ona. "Ndani bantu habanioni ninalipa, inje Constance ananiona ninaingia."

Émerance alimwacha aseme, akauliza masharti. Benita akamwonyesha ukutani, yalikoandikwa kwa rangi. Bei ya mtu mmoja ilikuwa ya haki. Chini yake kulikuwa na kadi ya bibi na bwana, na hiyo ilikuwa nafuu kuliko bei zote walizozisikia tangu waanze kuzunguka.

"Banaingia pamoja," Benita alieleza. "Mumoja akikosa, mwengine anabakia inje. Na kadi haigawanyike."

"Ju ya nini?"

"Ju babwana banalipa na habakuye, mama. Na babibi banakuya, kisha babwana banakuya kubatafuta hapa na makelele. Nilichoka. Sasa banakuya bote, banachoka bote, banarudia kulala."

Émerance aliitazama ile mikeka. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa parokia, mwanamke wa vikwembe vitatu vya kitenge, na hakuwa amevaa suruali tangu azaliwe. Aliyadharau yote aliyoyaona hapo, makopo, mikeka, wanawake wa rika lake wanaoruka huku wamefunga matiti kwa leso. Lakini Benita hakutaka karatasi ya daktari. Alikuwa na kipimo chake cha shinikizo, akipima mkono wa kila mtu kabla hajaruka, na matokeo akimwambia mwenyewe tu, sikioni. Na sharti lile lilikuwa kamba. Godefroid hangeweza kusema ameenda bila kwenda, maana mtu wa kumkamata angekuwa naye ndani ya kadi.

"Tunachukua," akasema.

"Tunachukua? Sisi nani?" Godefroid akashtuka.

Asubuhi ya kwanza walitoka na baridi ya kiangazi cha Lubumbashi. Émerance alivaa treningi ya michezo ya Keren, akajifunga kikwembe juu yake, na juu ya kikwembe akajifunga kingine. Godefroid alivaa koti. Njia nzima vumbi la Ruashi liliwafuata, na filimbi ya kifuani ikaanza kabla hawajafika.

Constance alikuwa ameshapanga makaa yake. Akawaona wanaelekea langoni, akainuka.

"Eh, papa Keren! Unaingia fasi ya michezo, weye? Kuko nini? Docteur alisema nini?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mgodi wa Ruashi. Mnunuzi aliyekuwa akichagua makaa akageuka. Godefroid akasimama kama mwizi aliyemulikwa. Akashika vifungo vya koti, akageuza mguu mmoja, kisha wa pili, na Émerance akajua, kama anavyojua chumvi ya sufuria yake, kwamba akirudi sasa hatakuja tena kamwe. Ataweka vidonge chini ya godoro. Ataanguka mezani, au harusini, au juu ya mifuko ya saruji, na watu watasema alikufa na mwili wake wote.

"Miye njo mugonjwa, mama Constance," Émerance akasema.

Akaweka mkono kifuani.

"Docteur alinituma miye. Roho yangu haiko muzuri, na tansyo ya damu inapanda. Papa ananisindikiza tu, ju hapa banataka bantu babili."

"Yesu wangu! Mama Keren!" Constance akajishika mashavu, na macho yake yakang'aa kwa huzuni tamu ya mtu aliyeokota habari.

Émerance alitegemea angalau mumewe atazame chini. Badala yake Godefroid alivuta pumzi, akatoa kifua, akamshika mkewe mkono kama anamvusha mto.

"Ni vile, mama Constance," alisema kwa sauti nzito. "Bibi yangu iko mugonjwa sana. Miye siwezi kumuacha. Twende, mama, jikaze. Polepole."

Akamwingiza langoni polepole. Katika miaka yote ya ndoa yao Émerance hakuwahi kumdharau kama wakati ule, na hakuwahi kumshika mkono kwa nguvu vile.

Habari ilifika parokia kabla hawajamaliza kuruka. Wiki ile ile akina mama wakaja na supu ya samaki wa Kasenga, na maombi, na majina ya majani ya kuchemsha. Godefroid aliinyemelea supu hiyo jikoni, Émerance akamnyang'anya bakuli kwa sababu ya chumvi. Tumbo lake lilipoanza kuondoka, hakuna aliyeuliza nini kinamla. Walijua. "Anakonda ju ya mawazo ya bibi yake," walisema. "Bwana wa vile utamupata wapi?" Wanaume walitolewa mfano wake majumbani. Mjinga yule akaanza kusimama mlangoni mwa duka akipokea pole kama anapokea hongera.

Kisha akina mama wakakutana, kwa upendo, wakaamua kwamba mgonjwa apumzike. Uongozi wakampa Constance. Walikuja kumwambia nyumbani huku wamemshika mabega, na Émerance akawashukuru, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi akalia chumbani kwa hasira, kwa sababu kazi ile aliipenda na aliiweza, na Constance hawezi hata kupanga viti. Asubuhi akavaa treningi. Kadi haigawanyiki.

Mvua za kwanza zilipoanza, Jumapili moja, Constance alisimama kusoma nia za misa, na kikwembe kipya cha uongozi. Aliombea mvua, akaombea wasafiri, kisha akashusha sauti. "Tumwombee mama yetu Émerance, anayeteseka kwa ugonjwa wa muda mrefu, Bwana ampe nafuu. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie, ee Bwana!" likajibu kanisa, na juu ya kanisa zima ikajibu besi moja, ya Godefroid, ambaye mkanda wake ulikuwa unamzunguka karibu mara mbili. Aliuimba mstari wote, akauvuta mwisho wake mpaka mabenchi yakatikisika, wengine wote wamekwisha nyamaza, na hakukata, hakutafuta miwani. Émerance alitega sikio. Filimbi haikuwapo.

Fala wewe, akawaza akimtazama. Fala mkubwa wewe. Na furaha ikamjaa ghafla hata machozi yakamtiririka hapo kwenye benchi mbele ya watu wote.

Constance aliyaona kutoka kule mbele, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwombea tena.