Mbao za Kamio ya Assani

Kamio ile, lori kubwa, ilifika Bunia kutoka Ulaya ikiwa imezeeka, chuma tupu. Maseremala wakaijengea nyumba ya mbao kwa nyuma, na mabenchi na mulango mumoja. Mwaka wa 1978 Assani akaanza kuiendesha kuteremuka Kasenyi, ku ziwa, akibeba watu na samaki. Kutoka kabine hakuweza kuwaona watu wake. Konvwayeri wake, Laurent, ndiye alikuwa anawapandisha, anafunga mulango, halafu anagonga mbao mara mbili: twende.

Siku moja, ku Bogoro, Laurent aliingia chini ya kamio kuangalia gurudumu. Assani akasikia mbao zinagongwa mara mbili. Akaondoa gari. Laurent akafia pale.

Abiria wote waliapa kwamba hakuna mutu aligonga.

Miezi ikapita. Wivine, mujane wa Laurent, akaanza biashara ya samaki, na gari lingine la kumufikisha ku ziwa halikuwako. Assani alimupandisha mbele, karibu naye. Wakafika Bogoro. Pale Assani alizima moteri, akashuka, akainama kuangalia chini ya kila gurudumu. Akarudi ku mulango wa kabine.

"Shemeki," alisema, "miye niliisikia ile sauti ya mbao. Na kila safari ninaisikia tena, hapa hapa."

"Ngoa hizi mbao za nyuma ya mugongo yako," Wivine akamujibu. "Tuone nani iko anagonga."

Assani akachukua nyundo, akangoa mbao zote zilizotenga kabine na watu. Upepo ukaingia. Sasa wote wakaonekana: mama mumoja na kuku wake, wachimbaji wa zahabu ya Kilo, mwalimu mumoja, mikono yao juu ya mizigo.

Wakangoja.

Mbao zikagongwa mara mbili. Hakuna mukono uliotikisika. Sauti ilitoka pale pale mbele, mahali ambapo mbao hazikuwako tena.

Wivine alishuka polepole. "Laurent hawezi kuambia gari iende kabla hajapanda," alisema. "Huyu si yeye."

Assani akamufuata, akaacha ufunguo ndani. Abiria walimutukana, kisha kila mutu akashusha muzigo wake. Waliteremuka kwa miguu hadi Kasenyi.

Assani hakushika usukani tena. Alibaki ku ziwa, akimusaidia Wivine kuanika samaki. Mwenye kamio alipata shofere mwingine, akapigilia mbao mpya. Siku ya soko kamio ile ilipita tena, imejaa watu wanaoimba. Wivine alisikia moteri tangu mbali, akaingia nyumbani, akafunga dirisha.