Namba Ile Ile, Jina Jingine

Dada Mkubwa, kama walivyomwita ofisini, alishainuka kitini mara nne asubuhi hiyo bila kwenda popote. Mbele yake mwenzake, waliyemwita Mkimya, alikuwa akifunga virago: kikombe, chaja, picha ya mwanawe, vyote ndani ya boksi. Saa nne bosi angemwachisha kazi.

Ushahidi alikuwa ameutoa Dada Mkubwa mwenyewe. Alfajiri programu yao ya kuongoza mashine za watoto njiti ilizimika hospitalini. Bahati njema, muuguzi alikuwa macho. Programu ikifa huacha namba tu, ya mahali ilipokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Chombo cha kusaka makosa huichukua namba hiyo, huitafuta kwenye faili la majina, kisha hutaja kipande cha programu kinachokaa hapo. Kikataja "pima_joto". Kazi ya mikono ya Mkimya.

"Hicho nimekikagua mara saba, dada," alisema Mkimya bila kumtazama. "Lakini ndiyo hivyo, mashine imesema."

Imesema nini, na imeulizwa na nani? Dada Mkubwa roho ilikuwa juu juu. Akafungua tena lile faili la majina, akatazama tarehe. La jana jioni. Programu iliyokuwa hospitalini waliiunda juzi.

Akakumbuka. Jana alikuwa ameongeza mistari mitatu mwanzoni mwa programu, akaiunda upya, na faili la majina likaandikwa upya nayo. Vipande vyote vilisogea, kama watu kwenye benchi pale mgeni anapojibana mwanzoni. Namba ya juzi ameisoma kwa majina ya jana! Kosa la mwanafunzi, naye ana miaka kumi na miwili kazini.

Akachomeka flashi yenye nakala ya faili la majina la juzi. Namba ile ile. Jina likatoka: "piga_kengele".

Hicho alikiandika yeye, mbiombio, akaahidi kukikagua baadaye. Baadaye haikufika.

Zilibaki dakika mbili kufika saa nne. Akichomoa flashi, nani atajua? Aliona haya kwamba amewaza hivyo, na aliogopa, aliogopa sana. Mlango wa bosi ukafunguka.

Akapiga moyo konde, akasimama mara ya tano.

"Rudisha kikombe chako mezani, mdogo wangu," alisema. "Hilo boksi nipe mimi."