Posa ya Asidi

Niliota usiku wa jana kwamba nimetumwa stoo kuchukua asidi, nikaikuta imevaa suti, imekaa juu ya rafu, imekunja nne.

Suti haikunishangaza. Nafanya kazi kwenye karakana ya vioo hapa Tanga. Tunatia ukungu vioo vya madirisha ya bafuni na milango ya maduka, na asidi tunayotumia ni hidrofloriki, ile inayokula kioo. Nimeizoea. Kilichonishangaza ni kwamba iliniamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shuka, kuna kazi."

"Leo siendi kazini. Nina shughuli ya kifamilia."

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Akanipa mkono, nikaupokea, na mtu akishakupa mkono huwezi kuendelea kumwita kitu. Nilikuwa nimevaa glavu, ila glavu ya kulia ilikuwa na tundu dogo kwenye kidole cha shahada. Tone moja likapita hapo.

"Haliniumi," nikasema.

"Najua," akajibu Asidi. "Mimi sina haraka."

Mara stoo si stoo tena. Ni sebule ya mama yangu, kule Muheza, na mimi nimekaa kwenye mkeka na ovaroli langu la kazini. Mlangoni mtu anapiga hodi. Mama anasema karibuni. Anaingia dumu la plastiki la buluu, kifuniko kimekazwa mpaka shingoni, na nyuma yake Asidi, ameinamisha kichwa kama inavyompasa bwana harusi.

"Mimi ni mshenga," likasema Dumu. "Huyu kijana nimemlea mwenyewe. Hakai kwenye chupa."

"Kwa nini?" akauliza Mjomba Kilua. Mjomba ndiye anayezungumza kwenye shughuli zote za ukoo wetu, hata zile ambazo hakualikwa.

"Huzimaliza."

Mama alikuwa ameshaleta juisi ya ukwaju kwenye bilauri zake nzuri. Asidi akashukuru, akainua bilauri yake, akainywa bilauri. Juisi akaiacha. Ikabaki imesimama mezani peke yake, imeshika umbo la bilauri, haijui iende wapi.

Mama aliitazama juisi, akamtazama mgeni. "Karibu tena," akasema, kwa sauti ambayo watoto wake tunaijua maana yake.

"Tumekuja kuposa," likasema Dumu.

"Mmechelewa," akasema mama. "Zaituni ana mume."

"Hatumtaki Zaituni."

Nilijisikia vibaya kidogo.

"Tunamtaka Kalsiamu," likaendelea Dumu. "Yule aliye ndani ya mfupa wa kidole chake cha shahada. Kijana wangu akimwona Kalsiamu hali wala halali."

Wote wakageukia kidole changu. Kilikuwa kama kila siku, hakina jeraha, hakina wekundu. Nikakisogeza sikioni. Ndani mtu alikuwa analia taratibu.

"Anasemaje?" akauliza mama.

"Anasema hamtaki."

"Atazoea," akasema Asidi kwa upole. "Nitakwenda kumchukua mwenyewe. Njia nimeshaianza, nimevuka ngozi. Nikimpata huyo nitawachukua na dada zake, wa kiganjani, wa mkononi, na wale walio kwenye damu."

"Wa kwenye damu wana kazi," akasema mama. "Ndio wanaoupigia moyo wake ngoma."

"Hasa hao."

"Ukiwachukua, ngoma atapiga nani?"

Asidi akafikiri. Ilionekana ndiyo mara yake ya kwanza kuulizwa. "Nadhani itakuwa kimya," akasema.

Nikaweka mkono kifuani. Ngoma ilikuwa bado inapigwa, lakini mpigaji mmoja alikuwa ameanza kuuliza saa ngapi wanaondoka.

Mama akainuka. Mjomba Kilua akamshika khanga. "Dada, kaa. Hatuwezi kuamua lolote kabla ya mgeni rasmi kufika."

"Mgeni rasmi nani?"

"Bwana Maumivu. Ndiye anayethibitisha kwamba mtu ameungua. Bila yeye tutaonekana tunazusha."

Akampigia simu, akaiweka sauti ya juu wote tusikie.

"Niko njiani," akasema Bwana Maumivu. "Nimeshafika Segera." Nyuma yake yalisikika maji yakimwagika kwenye ndoo. Alikuwa anaoga. "Mnisubiri. Leo ni tone moja tu, na asidi yenyewe si kali sana, kwa hiyo nitachelewa. Pengine jioni, pengine kesho. Lakini nikifika mtanitambua."

"Msubirini," akasema Asidi, akakunja nne upande wa pili. "Mimi sina haraka."

Hapo inabidi mumfahamu mama yangu. Mtaa mzima unajua kwamba hasubiri mgeni rasmi. Kwenye harusi ya mtoto wa jirani alifungua hotpoti ya pilau mkuu wa wilaya akiwa bado barabarani, na alipoulizwa akasema njaa haina itifaki. Tulimwonea haya mwaka mzima.

"Simsubiri mtu," akasema mama. "Zaituni, maji!"

Akanishika mkono wa kushoto, ule mzima, tukatoka mbio. Upepo ulikuwa umesimama mlangoni na begi lake.

"Unatoka wapi?" akauliza mama.

"Baharini."

"Basi tunapita huko unakotoka. Mvuke wa huyu kijana uchukue uende nao."

"Nina safari zangu," ukanung'unika Upepo, lakini ukauchukua.

Tunakimbia kuelekea baharini na tunatokea karakana, chini ya bomba la dharura la kujimwagia maji, lile la mnyororo ambalo kila siku tunatundikia makoti. Mama anavuta mnyororo. Bomba linakohoa, linafungua jicho moja.

"Vua nguo," linasema.

"Mbele ya wakwe?" nikauliza. Maana wote walikuwa wametufuata: Dumu, Asidi, Mjomba Kilua na ile juisi.

"Tone limelowesha glavu na mkono wa ovaroli. Wakwe wageuke ukutani."

Wakageuka. Mjomba aligeuka wa kwanza, akafumba na macho. Nikavua. Ovaroli na glavu zikajikunja zenyewe, zikaingia kwenye mfuko wa plastiki, zikajifunga kwa ndani.

Maji yakaja, mengi, ya baridi, yenye kelele. Mama alikishikilia kidole changu katikati yake kama anaosha samaki.

"Jina?" likauliza Bomba.

"Zaituni Shemdoe."

"La asidi."

"Ah. Dawa ya vioo."

"Sijauliza kazi yake. Nimeuliza jina. Hospitali watakuuliza, na ukisema dawa ya vioo watakupaka mafuta ya kuungua na kukurudisha nyumbani na mchumba wako ndani."

"Hidrofloriki."

"Rudia."

Nikarudia. Ukutani, Asidi akaonekana amefurahi kuitwa kwa jina kamili.

Maji yalimpunguza. Suti ilianza kumpwaya, tai ikamfika magotini. Lakini sehemu yake iliyokwisha vuka ngozi haikutoka. Niliisikia ikizungumza chini ya ukucha, kwa upole uleule: "Kalsiamu, mpenzi, nipo mlangoni."

"Mama," nikasema, "ameingia ndani."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumwona mama yangu hajui la kufanya. Alitazama huku na huku, maji yanamtiririka usoni, na sikujua yapi ni ya bomba.

Kabati la huduma ya kwanza likajifungua. Akatoka shangazi mmoja mnene, mwororo, mwenye kung'aa, amebeba sinia lililofunikwa kwa kawa.

"Naitwa Jeli," akasema. "Ni wa upande wa bibi harusi. Nani anaposa?"

"Mimi," ikasema sauti chini ya ukucha.

"Unamtaka Kalsiamu? Huna haja ya kwenda mbali." Akafunua kawa. Ndani ya sinia walijaa akina Kalsiamu, wamevalia, wamepambwa, hawana kazi yoyote. "Hawa wamekuja kwa ajili yako. Mfupa wa watu uuache."

Mama akanyoosha mkono kuchota. Shangazi Jeli akamzuia. "Glavu kwanza, bibi. Asidi haijui mama wala mwana."

Mama yangu, ambaye hajawahi kuvaa glavu maishani mwake, ambaye hushika sufuria ya moto kwa vidole vitupu, akavaa, na ule unga mweupe wa ndani ya glavu ukamganda mikononi. Akachota jeli, akanipaka, akaanza kunisugua kidole. Alisugua polepole, akizunguka ukucha, akirudia, kama alivyokuwa akinipaka mafuta nilipokuwa mdogo, na mimi nilisimama pale nimejifunga taulo la karakana nikatamani asimalize.

Asidi hakutofautisha. Alimkuta Kalsiamu wa kwanza, wakafunga ndoa palepale. Akamkuta wa pili, wakafunga. Kila ndoa ikageuka kuwa kitu cheupe kama chaki, kikatulia, hakikudai tena chochote. Suti tupu ikaanguka chini.

"Nimempoteza," likasema Dumu. Likalegeza kifuniko kidogo, likafuta machozi, likakaza tena haraka.

"Hospitali," akasema mama.

"Lakini shughuli imekwisha," akasema Mjomba Kilua, akiwa bado ameelekea ukutani.

"Ataamua daktari. Nataka waisikilize ile ngoma."

Tumekaa kwenye benchi la hospitali. Nesi amenibandika nyaya kifuani, na mashine inapiga ngoma ya moyo wangu kwa sauti; wapigaji wote wapo. Mama ananishika mkono. Ndipo mlango unafunguliwa na anaingia mtu mkubwa mwenye sanduku, anahema.

"Samahanini, foleni," akasema Bwana Maumivu. "Mmeanza bila mimi?"

"Tumemaliza bila wewe," akasema mama, na hakusogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni ya kitanda ameshika simu yangu.

"Mama yako," akasema. "Kapiga mara nyingi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zaituni, hebu niambie, wewe ndiye unayejua mambo haya. Mtu anawezaje kulala na mikono safi akaamka imejaa unga mweupe? Si wa ngano, nimeuonja. Unanuka mpira."

Nilikuwa natafuta pa kukaa, na nilikuwa nimeshakaa.

"Na kidole," akasema mama. "Umekwenda nacho hospitali, au bado mnamsubiri yule bwana wa Segera?"